Ukimya wa Mwaka 1954

Anayedhani jambo lisilosemwa limekwisha kukubaliwa, na asikie yaliyoipata India kwa jirani yake China.

India ilijitawala mwaka 1947. Wakomunisti waliposhika madaraka China mwaka 1949, India ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwatambua. Mwaka 1954 serikali hizo mbili zikatia saini makubaliano ya biashara na hija za Tibet, yaliyobeba zile kanuni tano za kuishi kwa amani, Panchsheel. Mitaani watu wakaimba kwamba Wahindi na Wachina ni ndugu.

Makubaliano yalitaja njia sita za milimani watakazopita wafanyabiashara na mahujaji. Mpaka wenyewe, wenye zaidi ya kilomita 3,000, hayakuugusa. Delhi ikajiambia: kama China haikuuliza, basi imeridhika. Mwaka huohuo Nehru, waziri mkuu wa India, akaagiza ramani mpya, na upande wa kaskazini, uliokuwa umeachwa bila mpaka maalumu, ukapigwa mstari thabiti. Alipomuuliza Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, kuhusu ramani za Kichina zinazopingana na zake, aliambiwa kuwa hizo ni za zamani, bado hazijarekebishwa. Jibu la adabu kabisa, lisilokubali wala kukataa. Nehru akasikia alichotaka kusikia.

Mwaka 1957 China ikatangaza kukamilika kwa barabara iliyopita Aksai Chin, mahali ambapo ramani ya India ilisema ni India. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa Tibet, akakimbilia India, na risasi zikaanza kulia mpakani. Zhou alipofika Delhi mwaka 1960, nadhani bado palikuwa na nafasi ya kupatana. Lakini mstari ule ulikwisha kuwa ardhi ya mababu mioyoni mwa watu. Waziri mkuu gani angethubutu kusimama bungeni kuupunguza?

Badala yake India ikasogeza mbele vituo vidogo vya askari, wengine wakipanda milima ya barafu na sare za pamba. Tarehe 20 Oktoba 1962 China ikashambulia. Mwezi mmoja baadaye ikasimamisha vita yenyewe, ikarudi nyuma upande wa mashariki, Aksai Chin ikabaki nayo. Makubaliano ya 1954 yalikuwa yamekwisha muda wake Juni mwaka huo, wala hakuna aliyeyahuisha.

Juni 2020, katika bonde la Galwan kwenye mpaka huohuo, askari wa pande mbili walipigana kwa marungu na mawe usiku. Wahindi 20 walikufa, na mpaka haujachorwa hadi leo.