Kutua Mzigo Bila Kuliacha Hema

Kila mwaka wako miongoni mwetu wanaostaafu kazi. Katika utumishi wa umma hapa Tanzania, wengi huweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na hulazimika wakitimiza 60. Siku ya kuagana huwa na hotuba na zawadi. Lakini Jumatatu ikifika, twaamka alfajiri kama ilivyo desturi, kisha twakumbuka kwamba hatuna pa kwenda. Aliyezoea kuitwa Mwalimu Mkuu hujiuliza, "Mimi ni nani sasa?"

Tusome Hesabu 8:23-26. Walawi walianza kutumika katika hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, wakakoma walipofika 50. Kazi yao ilikuwa nzito. Wana wa Kohathi walivichukua vyombo vitakatifu mabegani (Hesabu 7:9). Mungu mwenyewe aliwaamuru watue mzigo. Lakini hakuwafukuza hemani. Walibaki wakiwasaidia ndugu zao kulinda, bali kazi yenyewe waliwaachia walio wadogo.

Basi yatupasa mambo mawili. Kwanza, tukubali kutua. Tusirudi ofisini kila juma kumsahihisha aliyetufuata, wala tusihamishie ukubwa wetu katika kamati za kanisa. Pili, tusiondoke hemani. Aliyetunza hesabu za watu miaka 30 amfundishe kijana mtunza hazina wa mtaa. Aliyekuwa muuguzi awatembelee wagonjwa. Asiyeweza kutembea aombe. Nabii Ana alikuwa mzee sana, naye hakutoka hekaluni, akifunga na kuomba (Luka 2:36-37).

Fedha tunazopewa huitwa kiinua mgongo. Jina hilo ni jema, maana mgongo ulioinama miaka mingi unainuliwa. Tusizimalize kwa haraka katika biashara tusiyoijua. Tuketi kwanza na wenzi wetu wa ndoa, tuhesabu gharama kama Bwana alivyofundisha (Luka 14:28).

Nanyi mlio kazini bado, msingoje barua. Anzeni sasa kuwajua watoto wenu, jirani zenu na Mungu wenu, ili siku cheo kitakapoondoka, ninyi mbaki.

Ee Bwana, uliyetuita kabla hatujaajiriwa, utufundishe kutua kwa shukrani, na kulinda mlango wa nyumba yako hata mwisho. Amina.