Kuonja Wiski Mia: Ni Elimu au Ni Kiu?

Wako watu wajiwekeao shabaha hii: kuonja wiski mia za namna mbalimbali, moja moja, na kuandika habari za kila moja daftarini. Hawasemi kwamba wataka kulewa. Wasema wataka kujua. Basi twauliza: je, hiyo ni elimu, au ni kiu iliyovaa joho la mwanafunzi?

Tusihukumu kabla ya kusikiliza. Wiski ina mengi ya kujifunza. Ile ya shayiri itengenezwayo Uskoti huchachushwa kwa hamira, huchemshwa katika mitungi ya shaba, na mvuke wake hupozwa. Kisha sharti ikae katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, na nyingi hukaa 10 au 12. Katika kisiwa cha Islay wengi huikausha shayiri kwa moshi wa udongo mweusi wa vinamasi, hata kinywaji hunukia moshi. Bali za Speyside nyingi hunukia matunda. Tena Mwingereza Alfred Barnard alizuru viwanda zaidi ya 150 vya Uskoti, Ireland na Uingereza, akatoa kitabu mwaka 1887 ambacho watu wakisoma hata leo. Huyo alihesabu, na wengi wamefaidi kwa hesabu yake.

Walakini hesabu ina hatari yake. Mtu akijiwekea mia, ile mia huanza kumwamuru. Wiski ya kwanza aliionja kwa kuwa alitaka kuijua; ya sitini aionja kwa kuwa zimebaki arobaini. Hapo nani ni bwana, na nani ni mtumishi? Tena tutazame kipimo: mililita 25 mara mia ni lita 2 na nusu, yaani zaidi ya chupa 3. Katika miaka miwili ni kidogo. Katika mwezi mmoja ni vipimo zaidi ya 3 kila siku, pasipo siku ya kupumzika.

Mwingine atajibu, “Nimejiahidi, na ahadi ni deni.” Ni kweli, lakini katika deni hili mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, naye aweza kujisamehe. Mkewe na watoto wake wana ahadi iliyo ya zamani kuliko hiyo, wala hawawezi kumsamehe chakula chao. Na rafiki yake ashindanaye na ulevi, je, amwalike mezani awe shahidi wa elimu yake?

Wachanganyao wiski kwa kazi huipima kwa pua zaidi kuliko kwa koo, tena wakiizimua kwa maji, maana ulimi uliolewa hauhukumu. Kwa hiyo twaona kipimo ni hiki: awezaye kumwaga nusu ya bilauri bila huzuni, na kuiacha hesabu katika ya 37 mtoto akiugua, wala hafichi daftari lake nyumbani, huyo ni mwanafunzi. Asiyeweza hayo, elimu kwake ni jina tu. Na yule ambaye kileo kimekwisha kumshinda zamani, asianze hata ya kwanza.

Wiski yenyewe ilingoja miaka 12 gizani ndani ya pipa. Je, mwonjaji ashindwe kungoja juma moja?