Jiwe na Chokaa



Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba vitu hubadilika kwa namna mbili. Chumvi ikikorogwa majini haionekani tena, lakini chemsha maji hayo hata yakauke, utaikuta sufuriani. Huko ni kubadilika kwa umbo tu. Namna ya pili ni kubadilika kikemia, ambako kitu huacha kuwa kile kilichokuwa.

Wachoma chokaa wa pwani waliijua tofauti hii kwa mikono yao. Jiwe la matumbawe ukiliponda hata likawa unga, bado ni jiwe; unga huo haushiki ukuta. Lakini lipange juu ya magogo, uwashe moto ufikie digrii 900 hivi, na hewa iliyofungwa ndani yake hutoka. Katika kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kwa macho utadhani ni jiwe lile lile. Limwagie maji: litatokota, litapasuka, litakuwa chokaa. Nayo chokaa ikikandwa na mchanga na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile polepole, ikarudi kuwa jiwe. Ila sasa imeshikamana na jirani zake. Nyumba za kale za Unguja na Lamu zasimama hivyo.

Twayasema haya kwa kuwa Kwaresima imefika, nasi twajifahamu. Siku 40 twaacha pombe, na Jumatatu ya Pasaka tumerudi kilabuni. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba katika parishi yetu nyumba mbili, tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, hupeana amani ya Bwana kwa ncha za vidole, na sisi wengine tumejipanga nyuma yao. Tumepondeka vipande vidogo, tukadhani ndiko kutubu. Mtakatifu Paulo asema juu ya kiumbe kipya (2 Wakorintho 5:17), si kiumbe kilichosagwa.

Moto una gharama. Zile kilo 44 hazibaki tanurini. Kwetu sisi huenda kitakachotoka ni hatua chache za shamba, au ile raha ya kujiona tuko upande wenye haki, ambayo kuiacha ni vigumu kuliko shamba.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, baada ya Sala ya Jioni, tutakaa ukumbini, nyumba zote mbili pamoja na sisi tuliozifuata. Hapatakuwa na mwandishi wa kumbukumbu.