Mkono wa Mwisho

Tuseme ni saa kumi na moja jioni, mvua imekatika, na cheni ya bodaboda imelegea kando ya barabara karibu na Keroka, mji ulioketi mpakani mwa Kisii na Nyamira. Dereva hana spana. Mwenzake wa stejini ana koleo la mfukoni, lile la kukunja ambalo tumboni mwake limeficha kisu, bisibisi, tupa, msumeno mdogo na kifungua kopo. Dereva analiazima. Anabana nati ya gurudumu la nyuma, nati iliyoshikwa na kutu, anakaza mkono, anapinda kidogo upande wa kushoto. Tak! Ncha moja ya koleo inaruka na kuzama matopeni.

"Ndugu yangu," anasema huku akilitazama, "limevunjikia mkononi mwangu."

Kiswahili kina usahihi wa ajabu hapa. Dereva hakusema amelivunja, maana kuvunja kuna mtendaji, na mtendaji huulizwa. Hakusema tu kwamba limevunjika, kana kwamba jambo limejitokea lenyewe. Amesema limevunjikia mkononi mwake: ametaja mahali mkasa ulipomkuta. Vunja, vunjika, vunjikia. Maneno matatu ya mzizi mmoja, na ndani yake swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa maelfu ya miaka: chombo kikiharibika, aliyekuwa amekishika ndiye mwenye kosa?

Jibu linaanzia kwenye chuma chenyewe. Chuma chenye kaboni kikipashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha kikatumbukizwa majini ghafla, huwa kigumu sana. Hakikwaruziki kwa urahisi na makali yake hudumu. Lakini kikipigwa nyundo kinaweza kupasuka kama kigae. Ndiyo maana mhunzi hukirudisha motoni mara ya pili, moto wa kiasi tu, nyuzi 200 hadi 300 hivi, apunguze ugumu ili apate ustahimilivu. Ugumu humfaa mwenye kukata. Ustahimilivu humfaa mwenye kupinda na kugonga. Fundi akiongeza kimoja, kwa kawaida hupunguza kingine, na kila zana ni mapatano kati ya hivyo viwili.

Kisu cha jeshi la Uswisi kinayaonyesha mapatano hayo waziwazi. Karl Elsener wa kijiji cha Ibach alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile cha maafisa. Kampuni aliyoiacha, Victorinox, haitumii ugumu wa aina moja ndani ya kisu kimoja. Kwa kipimo cha Rockwell, kisu kikubwa hufikia 56, mkasi na msumeno 53, bisibisi na kifungua kopo 52, na springi 49. Springi ndiyo laini kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni kukubali kupindwa na kurudi. Ikipewa ugumu wa kisu, itakatika mapema.

Koleo la mfukoni lina kisa chake. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya na mkewe katika gari kuukuu la Fiat lililoharibika mara kwa mara. Mfukoni alikuwa na kisu cha skauti, na kila gari lilipozima alitamani angekuwa na koleo pia. Alirudi Marekani akahangaika na wazo hilo, na mwaka 1983 koleo la kukunja lenye jina lake likaanza kuuzwa kutoka Portland. Leo kampuni yake hutoa dhamana ya miaka 25. Dhamana hiyo haihusu chombo kilichotumiwa vibaya.

Sasa ni hesabu ndogo. Mtu akibana mpini kwa nguvu ya kilo 20, sentimita 8 kutoka kwenye pini ya katikati, waya ulio sentimita 1 upande wa pili hupokea nguvu ya kilo 160. Pini yenyewe hubeba jumla ya zote mbili, kilo 180, nayo ni nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Huo ni mzigo iliotengenezewa. Lakini koleo lilikusudiwa kubana, na aliyeshika nati yenye kutu hubana na kupinda kwa pamoja. Ncha zilizochongwa nyembamba ili ziingie penye upenyo hazina nyama ya kuvumilia kupindwa kwa upande. Mahali pa kukatia waya napo pana mpaka wake: waya laini wa ua hukatika vizuri, ila springi au msumari mgumu huacha pengo kwenye makali. Kisu nacho hukatika ncha kinapogeuzwa kuwa mtaimbo. Na katika nchi ya mvua kama Gusii, yaani Kisii na Nyamira, maji na utomvu wa ndizi huingia kwenye maungio yote, kutu ikafanya kazi yake gizani.

Lakini ushahidi mkubwa uko kwenye jeraha. Mpe fundi wa kuchomelea kipande kilichovunjika naye atakigeuza kwenye mwanga. Mara nyingi ataona sehemu mbili. Moja ni nyeusi au ya rangi ya kutu, laini, pengine ina mistari midogo kama mawimbi ufukweni. Nyingine inameta, ina chengachenga kama sukari. Ile inayometa imevunjika leo. Ile nyeusi ilikwisha kupasuka siku nyingi, na hewa na maji yamekuwa yakiingia humo tangu hapo. August Wöhler, mhandisi Mjerumani wa reli, alizichunguza ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo ambao kingeubeba mara moja bila tabu, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Kwa lugha ya mafundi, chuma huchoka.

Kwa hiyo kuvunjika kuna historia. Koleo lililokatika Keroka jioni ile huenda lilianza kukatika miezi mitatu kabla, siku mwenyewe alipong'olea msumari. Dereva alikuwa mkono wa mwisho tu.

Swali la mkono huo wa mwisho limo hata katika Biblia. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu, huko Gusii, mwaka 1911, na Waadventista wakajenga kituo chao Nyanchwa. Tangu hapo Gusii imekuwa nchi ya wasomaji wa Biblia, na msomaji wa Biblia hakosi mifano ya zana zinazovunjika. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6, mwanafunzi wa manabii anakata mti kando ya Yordani, na shoka linachomoka na kuzama. Kilio chake cha kwanza hakihusu kazi iliyokwama. Analia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Nabii Elisha hamwulizi alilishikaje. Anauliza lilipoangukia.

Torati yenyewe inapambanua zaidi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inamtaja mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini na kumwua mwenzake. Mtu huyo anapewa mji wa kukimbilia, asifikiwe na mlipiza kisasi, kwa kuwa hakuwa na chuki naye hapo awali. Kutoka, sura ya 21, inamgeukia mwenye mali: ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia, lakini ikiwa alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe huyo ana tabia hiyo na hakumzuia, hatia ni yake. Sura ya 22 inakuja kwenye kuazima: mnyama aliyeazimwa akiumia au kufa mwenyewe hayupo, mwazimaji hulipa. Mwenyewe akiwapo, halipi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligawa jambo hili kwa namna yao. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, humbebesha mwazimaji dhamana ya kitu kikiharibika, isipokuwa kimechakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Madhehebu ya Hanafi hukiona kitu cha kuazima kuwa amana: mwazimaji halipi mpaka ithibitike kuwa alizembea au alivuka mipaka. Shafi anaanza na haki ya mwenye mali. Hanafi anaanza na dhamiri ya mwazimaji. Wote wawili wanauliza kama chombo kilitumiwa kwa kazi iliyokusudiwa.

Hapo ndipo koleo la mfukoni linapoleta tatizo ambalo panga halina. Chombo kilichouzwa kwa ahadi ya kufanya kila kitu, kimetumiwa vibaya lini? Aristotle aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mwanzoni mwa kitabu chake cha Siasa anasema kwamba maumbile hayafanyi kazi kwa ubahili kama wahunzi wanaofua kisu cha Delfi, chombo kimoja cha matumizi mengi. Kila chombo, kwake, hukamilika kinapotumikia kazi moja. Lakini mbele katika kitabu hicho hicho anakubali kwamba miji midogo yenye watu wachache hulazimika kumpa mtu mmoja vyeo vingi, na anaufananisha uhitaji huo na chuma kinachotumika kama kijiti cha kuchomea nyama na pia kishikio cha taa.

Gusii inaijua hali hiyo, ingawa kwa sababu iliyo kinyume. Watu ni wengi na ardhi ndiyo haba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Kwenye shamba lililogawanywa baba kwa mwana kwa vizazi, panga moja hukata majani ya ng'ombe, huangusha mkungu wa ndizi, hupasua kuni, huchimba shimo la kupandia na humenya muwa. Zamani za egesangio, majirani walipokusanyika kulimiana kwa zamu, uzito wa kazi uligawanywa kwa mikono mingi na majembe mengi. Penye upungufu, mzigo wote hurudi kwenye chombo kimoja, na mara nyingi kwa mtu mmoja: mwalimu ambaye pia ni mzee wa kanisa, mweka hazina wa chama na mlipaji wa karo za wapwa watano. Siku akianguka, wa nyumbani huuliza ni nani aliyezungumza naye jana.

Swali hilo si dogo. Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Gusii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma kwamba wamemroga mwanafunzi. Ugonjwa, kifo cha ghafla, mtoto aliyepoteza sauti: ni mambo yaliyovunjika. Lakini uchungu haukubali neno vunjika. Unadai vunja, unadai mtendaji, na kama hapatikani, unamchukua aliye karibu na asiye na mtetezi. Hakuna aliyekigeuza kipande kwenye mwanga kutazama ni upande gani uliokuwa mweusi tangu zamani. Mji wa kukimbilia uliotajwa katika Torati uliwekwa kwa ajili ya saa kama hiyo, saa ambayo moyo wa mlipiza kisasi bado unawaka na ukweli haujachunguzwa.

Tabaka, kule Mugirango Kusini, wachongaji wa mawe ya sabuni huishi na ukweli huu kila siku. Jiwe ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu, lakini lina nyufa ambazo machimboni hazionekani. Mara nyingi mwanamume huchonga, kisha wanawake huichukua sanamu, huizamisha kwenye beseni la maji na kuisugua kwa msasa hadi iteleze. Twiga ana miguu minne myembamba. Mguu ukikatika ndani ya beseni, umekatikia kwenye mkono wa msuguaji, ilhali ufa ulikuwamo tangu jiwe lilipokuwa mlimani. Anayelijua jiwe huutoa mguu majini na kuutazama mahali ulipokatika kabla ya kusema neno.

Wazee wa etureti, baraza la zamani la Wagusii, walikaa kusuluhisha migogoro midogo ya aina hii kati ya jirani na jirani. Mashauri ya namna hiyo yana maswali mawili, na yanaharibika yanapochanganywa. La kwanza ni nani atalipa. Hilo linahitaji jibu la haraka, kwa sababu mwenye koleo kesho anataka kufanya kazi, na mwazimaji anaweza kulipa hata kama hakukosa, kwa kuwa ndiye aliyefaidi. La pili ni nani mwenye hatia. Hilo linahitaji subira, macho, na utayari wa kukuta kwamba hatia imetawanyika: kidogo kwa aliyeng'oa msumari, kidogo kwa aliyeuza chuma asichokijua, kidogo kwa mvua, pengine hakuna hata chembe kwa aliyelishika mwisho. Msemo wa pwani kwamba chombo cha kuzama hakina usukani humwondolea kila mtu hatia kwa mkupuo. Umati wa Marani uliwabebesha wanyonge wanne hatia yote. Njia zote mbili hukwepa kazi ile ile ya kutazama.

Stejini Keroka, dereva ameingiza vidole matopeni, ameipata ncha na kuifuta kwenye suruali. Anamkabidhi mwenzake vipande vyote viwili, pamoja na ahadi ya fedha jioni ya kesho. Mwenye koleo anaviunganisha, anavitenganisha, anaviinua kuelekea taa ya duka. Robo tatu ya jeraha ni nyeusi.

"Ngoja," anasema taratibu. "Mwezi wa tatu nililitumia kung'oa misumari ya kile kibanda cha majani chai."

Dereva bado ameunyoosha mkono. Mwenzake anaushika, anampa tano, na wote wawili wanainama tena kwenye nati.