Msafiri Maskini

Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Methali hii ni kongwe, na watu wa pwani huitamka kwa wepesi, kama neno la kumliwaza mgeni aliyechoka. Hata hivyo, ikitazamwa vyema, imebeba swali zito. Sultani husafiri na hazina yake, watumishi wake na wapishi wake. Umaskini wake basi watoka wapi? Ni kitu gani alichokiacha kwao, kisichoweza kupakiwa chomboni pamoja na masanduku?

Swali hilo siku hizi haliwahusu masultani. Linawahusu zaidi vijana wa skuli wanaopelekwa nchi za mbali kwa mipango ya kubadilishana wanafunzi. Mipango hiyo ina historia ndefu. Jumuiya ya AFS ilianza mwaka 1915 kwa Wamarekani waliojitolea kuendesha magari ya majeruhi nchini Ufaransa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikageukia kazi ya kubadilishana wanafunzi, kwa matumaini kwamba waliokula chungu kimoja wataona vigumu kupigana. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao YES kwa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya na Tanzania zimo miongoni mwa nchi zilizowahi kupeleka vijana wao. Kijana hukaa na familia ya wenyeji kwa mwaka mmoja wa masomo, akaenda skuli pamoja na watoto wao, akala nao meza moja.

Na uchukuliwe mfano wa binti wa Ng'ambo, mjini Unguja, aliyepokewa na familia ya Minneapolis. Nyumba ina joto hali nje theluji imetanda. Maji ya moto hutoka bombani usiku na mchana, na vyombo huoshwa kwa mashine. Alikotoka, kisiwa kizima kiliwahi kukosa umeme kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, watu wakihangaika na ndoo za maji na kukesha na mishumaa. Kwa hesabu ya vitu, binti huyu ameongezewa raha, wala hakupunguziwa. Mbona basi usiku analia kwa kuikosa raha ya kwao? Na kwa kuwa analia ndani ya nyumba iliyomfungulia mlango, je, huo ni udhaifu wa nafsi, au ni kukosa shukrani?

Wapo watakaosema kuwa kinacholia ni tumbo. Binti ametamani boflo na chai ya maziwa yenye iliki. Ametamani urojo, na wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Jibu hili si uongo, ila halifiki mbali. Iliki husafiri ndani ya sanduku bila ya kuharibika, na tui la kopo linauzwa Marekani. Wengi wamepika wali wa nazi ugenini, ukawa mzuri, na wakaula kwa machozi vilevile.

Wengine watasema kuwa kinachomwumiza ni ugeni wa mazingira. Hoja hii ina nguvu zaidi. Mswahili huhesabu saa kwa jua: likishachomoza, siku imeanza, na saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwangaza. Kwa kuwa Unguja iko digrii 6 tu kusini ya Ikweta, hesabu hiyo haimdanganyi mtu mwaka mzima. Minneapolis, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu na saa mbili kasoro robo na kuzama saa kumi na nusu. Na pale binti anapomaliza chakula cha usiku, saa moja, akatamani kuisikia sauti ya mama yake, Unguja ni saa kumi za usiku na mama bado amelala. Saa iliyokuwa imo ndani ya lugha yake imemvunjikia mikononi.

Hata hivyo, iko habari ya kale inayoonyesha kwamba si lazima mtu avuke bahari wala abadilishe jua. Mwaka 1688 tabibu kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu mjini Basel juu ya maradhi ya kutamani kwao. Ndiye aliyeyaundia jina la nostalgia, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la kurejea na lile la maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi, kijana wa Bern aliyekwenda kusoma Basel. Miji hiyo imeachana kwa kilomita 100 hivi, na kote kwasemwa Kijerumani. Kijana alidhoofika kwa huzuni na homa, hata watu wakamkatia tamaa. Ilipoamuliwa arejeshwe kwao akaanza kupata nguvu, na akapona njiani, kabla ya kuuona mji wake. Kilichomponya, basi, hakikuwa hewa ya Bern wala mkate wa Bern, kwani vyote viwili alikuwa hajavifikia. Ilitosha kujua kwamba yuko njiani kuelekea kwa watu wanaomngoja.

Jambo hilohilo limo katika habari za msafiri anayejulikana zaidi na watu wa pwani. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21. Msafara ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wenzake, na kila mmoja akasalimiwa na anaomjua. Yeye hakusalimiwa na mtu. Anaeleza mwenyewe kwamba hakuweza kuyazuia machozi, mpaka haji mmoja alipoitambua hali yake, akamwendea kwa salamu na kuzungumza naye hadi wakaingia mjini. Miaka michache baadaye, mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, alishuka Mogadishu. Huko alipewa makaazi katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa dini, akaandaliwa wali wa samli, pamoja na maembe na ndimu za achari. Pwani hii ilikuwa imekwishajua namna ya kumpokea mwenye kutafuta elimu.

Machozi ya Tunis hayakuwa ya njaa. Yalikuwa ya mtu aliyesimama mahali ambapo kuwepo kwake na kutokuwepo kwake ni mamoja. Hapo ndipo penye umaskini wa msafiri. Raha ya nyumbani ni kuhesabiwa. Mama anapopakua chakula hajiulizi sahani ni ngapi. Mkono wake unajua. Mmoja akichelewa, swali linatoka bila ya kufikiriwa: fulani yuko wapi? Sultani anaweza kuchukua wapishi arobaini, lakini hawezi kulipakia swali hilo chomboni.

Yapasa hapa kusemwa kweli, kwani raha ya nyumbani haigawanywi sawa. Mvulana akiukumbuka wali wa nazi, hukumbuka sahani. Dada yake hukumbuka mbuzi aliyoikalia akikuna nazi tangu utotoni, akiwaandalia wengine raha watakayokuja kuitamani wakiwa mbali. Yule binti wa Ng'ambo huenda Minneapolis amepumzika kuliko alivyopata kupumzika maishani mwake. Humwona baba wa nyumba akisafisha jiko, naye akaambiwa akae, asome. Mara nyingine hamu yake huingiliwa na hofu ya kurejea kwenye kazi zisizokwisha. Na bado analia. Kilio chake ni ushahidi mkubwa kuliko wa kaka yake, kwa sababu yeye hawezi kudhaniwa kuwa amekosa kutumikiwa. Anachokosa ni mahali ambapo asipokuwepo pengo linaonekana.

Ila pengo likitazamwa vyema lina pande mbili. Huenda nyumbani iliyohesabiwa ni mikono ya binti, naye mwenyewe akahesabiwa kidogo. Mama akisema kwa simu kuwa nyumba imepwaya tangu alipoondoka, binti ana haki ya kujiuliza ni nini kilichopwaya: ni mazungumzo yake, au ni jiko? Swali hilo halivunji heshima ya mama, ambaye naye aliwahi kuwa binti juu ya mbuzi hiyohiyo. Linawahusu wote waliokula bila ya kuuliza nazi imekunwa na nani. Kijana wa kiume ambaye hamu yake ya kwao haikumfikisha kwenye swali hilo ametamani nusu tu ya nyumba yake.

Kwa hiyo hamu ya kwao si udhaifu, wala peke yake si kukosa shukrani. Ni deni lililokumbukwa. Hugeuka kosa pale inapompa mtu ruhusa ya kuidharau meza ya wenyeji, akakipima kila chakula kwa chakula cha mama yake. Au inapompakia rangi kisiwa chake hata akasahau mbu, kiza na maneno ya watu. Wenyeji nao wana lao la kujifunza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali hii hudhaniwa kuwa ya uchoyo, na kumbe ina huruma ndani yake. Anayepewa jembe ameingizwa katika hesabu ya nyumba. Anayebembelezwa mwaka mzima bila ya kuachiwa hata sufuria amebakishwa mgeni.

Nao watu wa visiwani ni wenyeji pia. Kila mwaka wanafunzi wa kigeni huja Unguja kujifunza Kiswahili, na baadhi yao hukaa majumbani mwa watu. Hupewa kipande kizuri cha samaki na kiti kilicho karibu na feni, kisha wakitoka nje huitwa mzungu na watoto wa mtaa mzima, mwezi wa kwanza na hata wa sita. Ukarimu huo ni wa kweli, lakini mtu anayeitwa kwa taifa lake hajahesabiwa bado. Binti aliyelia Minneapolis akirejea na kumkuta mgeni wa namna hiyo kwa jirani, hahitaji kufundishwa la kufanya. Amwite kwa jina lake, amsogezee mbuzi na kifuu cha nazi, na siku atakayochelewa kurudi, aulize yuko wapi.