Kosa la Mtu na Jina la Kabila Lake

Je, kabila zima laweza kuwa na hatia? Wengi wetu tukiulizwa hivyo barazani tutajibu upesi kwamba haliwezi. Kisha, kahawa haijapoa, tutawasikia wale wale waliojibu wakisema, "Hao ndivyo walivyo." Basi swali hili si jepesi kama linavyosikika, na twaona yafaa tulipime kwa mambo yaliyotokea Nyeri na miji ya Mlima Kenya, wala si kwa maneno matupu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Kwamba palikuwapo watu waliouawa kwa dhulma, Wazungu na Waafrika, na Waafrika ndio wengi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini adhabu iliyofuata haikumwandama muuaji peke yake, bali iliandama jina. Aliyezaliwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alikuwa mtuhumiwa kwa kuzaliwa kwake. Tarehe 24 Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizungukwa na askari, watu wa makabila hayo wakachambuliwa kama mchele, na maelfu wakatiwa kizuizini. Shahidi alikuwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa tu, mtu huchukuliwa. Mwanafunzi wa chuo aliyeanza juzi kusoma mlango wa ushahidi ajua kwamba shahidi asiyejulikana uso wala jina hawezi kupimwa uadilifu wake, na asiyepimwa uadilifu si shahidi.

Huko Nyeri, Fort Hall (ndiyo Murang'a ya leo), Kiambu, Embu na Meru, kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu zaidi ya milioni 1 waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika juu ya vilima, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye uzio na walinzi. Kusafiri kulitaka kitabu cha pasi. Na ulipofika uchaguzi wa mwaka 1957, ambao Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria, mtu wa nchi hiyo alitakiwa aonyeshe pia karatasi ya kuthibitisha utiifu wake, karatasi ambayo wengine hawakuulizwa. Mashamba nayo yalipimwa na kuandikwa upya ilhali wenyewe wengi wamo kizuizini, na waliorudi si wachache waliokuta fungu lao limepungua au limekwenda kwa mwingine. Sisi watu wa pwani tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali. Twapita Manyani na Mackinnon Road kila tuendapo Nairobi, na huko palikuwa na kambi za wafungwa hao. Kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu, kilikuwa na kambi. Na Hola, kando ya mto Tana, ndiko walikopigwa wafungwa 11 hata wakafa, tarehe 3 Machi 1959.

Yuko atakayesema: kiapo kilikuwa cha siri, serikali ingejuaje nani amekula na nani hakula? Hii ni hoja ya darura, nasi hatuipuuzi. Ila darura hukadiriwa kwa kadiri yake, na anayekosa ujuzi hutafuta ujuzi. Hajazi pengo la ujuzi wake kwa kuwafunga majirani wa mtuhumiwa. Tena serikali hiyo hiyo ilitia silaha mikononi mwa maelfu ya Wakikuyu wengine, walioitwa homugadi, wakapigana upande wake. Kwa hiyo ilijua vyema kwamba jina halitoi habari ya moyo. Iliweza kupambanua watu ilipohitaji wa kuishikia bunduki, ikashindwa kupambanua ilipotakiwa insafu.

Lakini lituhuzunishalo zaidi ni lililofuata, kwani twapenda kudhani kwamba aliyeonja dhulma huichukia kwa wote. Mwisho wa Desemba 1963, wiki chache baada ya uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika mkoa wa mpaka wa kaskazini, na tangu mwaka 1966 Waborana na Wasomali wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, Isiolo na kwingineko, mifugo yao ikateketea. Mkuu wa serikali hiyo alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye Waingereza walimnyima uhuru wake tangu 1952 hata 1961. Kutoka Nanyuki hadi Isiolo si safari ya nusu siku. Silaha ile ile ilitoka upande mmoja wa mlima ikavuka upande wa pili, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya wakachujwa tena, wakapewa kadi ya peke yao.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Kenya. Mwaka huo wa 1966, huko Nigeria, maofisa wa jeshi ambao wengi wao walikuwa Waigbo walimwua Sardauna Ahmadu Bello na wengineo. Kisasi kiliwashukia wachuuzi, makarani na watoto wa Kiigbo katika miji ya kaskazini, wakauawa kwa maelfu, na katika waliowaua walikuwamo Waislamu wengi. Twalisema hili waziwazi, maana kulificha ni kushiriki. Vita vilipokwisha Januari 1970 palitangazwa kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, lakini Muigbo aliyekuwa na fedha benki alipewa pauni 20, hata akiwa aliweka maelfu.

Hapo ndipo tuonapo kwamba dawa ya dhulma hii haitimii kwa kupatana kwa ulimi. Kilichochukuliwa hurudishwa. Uingereza mwaka 2013 ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ni kitu, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kufa. Karatasi za nchi nazo ziwe moja kwa wote, na maswali yawe yale yale kwa mwenye jina la Kamau na mwenye jina la Abdi. Tangazo la Februari 2025 la kuondoa uchujaji wa watu wa mipakani katika kutoa vitambulisho ni jema, ikiwa karani mezani atalitii. Sheria ya mwaka 2008 yakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Twaiona ya haki, ingawa ina kichekesho chake: ili tusiulizane kabila, lazima kwanza tuhesabiane kabila.

Na sisi je? Agosti 1997, Likoni, watu waliuawa na kufukuzwa kwa kuitwa "wabara". Malalamiko ya ardhi ya pwani ni ya kweli, nasi hatutayaacha. Lakini hati za ardhi ziko maofisini na kwa majina ya wenye nguvu. Muuza viazi wa Kongowea aliyetoka Nyeri hana hata moja. Anayemwadhibu huyo atumia hoja ya gakunia.

Liko na jingine la ndani zaidi. Wako Waislamu wa Kikuyu na wa Kimeru wanaosimama nasi safu moja, bega kwa bega. Mmoja wao akija kuposa, mara twafungua mlango wa kufu, nao ni mlango mpana ambao mafakihi wamehitalifiana sana. Twawauliza wazee wa mitaa yetu: posa ngapi za namna hiyo mmezikataa, na katika hizo ngapi mlizikataa kwa tabia au dini ya mposaji, mkaweza kuitaja tabia hiyo mbele yake? Majibu yatakayotufikia tutayatia katika kurasa hizi.