Dua Aliyoiomba Huku Moyo Ukiuliza



Ndugu zangu katika imani, mama zangu na dada zangu mnaosikiliza upande wa pili wa pazia, leo nasema na yule ambaye watu wanaona msiba wake umekwisha. Eda imetoka. Talaka imeandikwa kwa kadhi. Deni limelipwa, au kifungo kimemalizika, au mkataba wa Uarabuni umeisha na sanduku liko chini ya kitanda. Majirani wameacha kuja kumjulia hali. Lakini simu ikilia usiku, moyo bado unamruka. Anaswali, na akishatoa salamu hakumbuki alisoma sura gani. Akiambiwa aanze upya, anajiuliza aanzie wapi na kwa nguvu zipi.

Nataka mtu huyu akae kidogo na mama yetu Ummu Salama, Mwenyezi Mungu amridhie. Yeye na mumewe Abu Salama walikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo, walihamia Uhabeshi, kisha wakarudi Makka. Walipotaka kuhamia Madina pamoja na mtoto wao Salama, jamaa za mke wakamzuia mwanamke wao. Jamaa za mume wakaja juu, wakasema basi na mtoto ni wetu. Wakamvuta yule mtoto huku na huku mpaka mkono ukamteguka. Mume akaenda Madina, mtoto akachukuliwa na ukoo wa baba yake, na mama akabaki na jamaa zake, peke yake.

Kwa mwaka mzima au karibu na mwaka, alikuwa akitoka asubuhi, anakwenda kukaa bonde la Abtaha, analia mpaka jua linazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia haya baadaye, wala hakuona haya kusema kwamba alilia. Siku moja akapita mtoto wa ami yake, akamwona, akamhurumia, akaenda kuwaambia jamaa zake wamwache maskini huyu aende zake. Wakamruhusu. Na ukoo wa mumewe ukamrudishia mtoto.

Akapanda ngamia na mwanawe, akatoka bila mtu wa kumsindikiza. Alipofika Tan'im, pale ambapo leo wengi huenda kuvaa ihramu ya umra, akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Uthman akamuuliza kama ana mtu. Mama yetu akajibu kwamba hana ila Mwenyezi Mungu na mwanawe huyu. Uthman akashika hatamu ya ngamia. Kila walipofika pa kupumzika, alimpigisha ngamia magoti, akajitenga mpaka mama ateremke, kisha akamchukua ngamia akamfunga kwenye mti, naye akaenda kulala chini ya mti mwingine. Akafanya hivyo mpaka wakaiona Quba, akamwambia mumeo yuko kijiji hiki, kisha akageuza njia kurudi Makka. Mama yetu alisema hakupata kuona msafiri mwenzake mwungwana kuliko yule.

Mtu angedhani hapo ndipo raha ilipoanza. Ikawa ya miaka michache tu. Abu Salama akajeruhiwa Uhud, jeraha likaonekana kupona, kisha likafumuka, akafariki mwaka wa 4 Hijria. Mtume (S.A.W.) ndiye aliyemfumba macho. Ummu Salama akabaki mjane mwenye watoto wanne, mdogo wao, Zainabu, akiwa bado ananyonya.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye dawa yetu. Katika Sahihi Muslim, yeye mwenyewe anaeleza kwamba alikuwa amemsikia Mtume akifundisha kuwa Mwislamu akipatwa na msiba aseme sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha amwombe Mola wake amlipe kwa msiba wake na ampe badala iliyo bora zaidi. Mumewe alipofariki akajiuliza: ni nani katika Waislamu aliye bora kuliko Abu Salama? Hakumwona. Hata hivyo akaisema dua ile.

Sisi tumewafundisha watu nusu ya kwanza tu. Inna lillahi tunaijua wote, tunaiandika hata kwenye simu. Nusu ya pili, ya kuomba badala, tunaiacha, na mwenye kuiomba tunamtazama vibaya. Mjane akiolewa tunanong'ona kwamba udongo wa kaburi haujakauka. Mwenyezi Mungu amemwekea eda ya miezi minne na siku kumi katika Sura ya Al-Baqara. Sisi tumepata wapi idhini ya kumwongezea? Ummu Salama alimpenda Abu Salama, na kuomba badala hakukumtoa katika wenye subira, kwa sababu aliyemfundisha kuomba ni Mtume mwenyewe.

Na wewe uliyechoka, usingoje shaka ikuishe moyoni ndipo uinue mikono. Sema dua ukiwa nayo. Wapo watakaokuambia umefungwa, nyota yako imechukuliwa, lete kuku mweusi na laki mbili. Usiende. Utatoka huko na umaskini mpya juu ya ule wa zamani, na imani yako imeingia doa.

Mtume (S.A.W.) alipomposa Ummu Salama, mama yetu hakuitikia haraka kama mtu aliyeokolewa. Alisema kweli: ana watoto, na ana wivu. Hakujifanya amepona. Mtume akajibu kwamba atawaombea kwa Mwenyezi Mungu, watoto watoshelezwe na wivu uondoke. Imepokewa kwamba usiku wa kwanza wa ndoa yao, katika chumba alichopewa, alikuta mtungi una shayiri kidogo, jiwe la kusagia na chungu chenye mafuta. Akasaga shayiri, akapika. Bibi harusi yule alianza maisha yake ya pili kwa kazi iliyokuwa mbele yake usiku ule. Sura ya Inshirah, tunayoihifadhi tangu chuoni, hutuahidi wepesi pamoja na uzito, halafu haiishii hapo. Inaishia kwa amri: ukimaliza, jitahidi tena, na umwelekee Mola wako.

Wala mambo hayakunyooka siku ile ile. Mtume alipokuwa akija nyumbani, alimkuta ananyonyesha, akaona haya akaondoka. Ammar bin Yasir, ndugu yake wa kunyonya, alipofahamu, akaja akamchukua mtoto yule akamlee yeye.

Haijapita hata miaka mitatu tangu amzike mumewe, akawa Hudaibiya, pale Waislamu walipozuiwa kuingia Makka kwa umra. Mkataba umeandikwa, masahaba wamevunjika moyo, wanaamrishwa wachinje na wanyoe, hakuna anayeinuka. Mtume akaingia kwake akamweleza. Ummu Salama akashauri: toka, usiseme na mtu, chinja ngamia wako, mwite kinyozi akunyoe. Mtume akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Nadhani mwanamke aliyekaa mwaka Abtaha alijua vizuri kwamba mtu aliyevunjika moyo hainuliwi kwa amri peke yake, huinuka akimwona mwenziwe ametangulia.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nalielekeza kwetu sisi tusio na msiba leo. Katika kisa hiki wamo watu waliofungua njia: aliyesema neno kwa jamaa zake, aliyeshika hatamu, aliyelea mtoto. Na wamo waliokuwa wamemshika mtoto wa watu, kisha wakamrudisha. Kama humu msikitini yupo aliyeshika watoto wa mtalaka asimwonyeshe, au hati ya nyumba ya mjane wa nduguye, au fungu la mirathi la mayatima, arudishe kabla ya Ijumaa ijayo. Akiona aibu kwenda mwenyewe, aje aniambie baada ya swala, tutafuatana.